Sikio la Iringa, taa ya Dar

"Zimeni hiyo redio kwanza."

Vijana wa gereji wakazima. Mzee alikuwa ameinama nyuma ya Volkswagen Beetle yangu, kifuniko cha injini kimeinuliwa, mkono mmoja juu ya distributa, kile chombo kinachogawa cheche kwenye plagi. Nati ya kibano ilikuwa imeshalegezwa. Akaizungusha distributa kidogo upande mmoja. Injini ikazubaa, mngurumo ukawa mzito. Akaizungusha upande wa pili. Sauti ikapanda, ikachangamka, kisha ikaanza kukimbia ovyo. Akairudisha nyuma kiasi cha unene wa ukucha. Akasikiliza. Akakaza nati.

"Hapo hapo, mwanangu. Sasa kaipandishe Kitonga, uje uniambie."

Niliipandisha. Ilipanda vizuri kuliko wakati wowote tangu niirithi kwa baba.

Baadaye nilikuwa nayo Dar es Salaam, kwenye gereji nyingine, kwa fundi kijana ninayemheshimu kwa sababu hakisii. Alifunga taa ya taimingi, ile inayoonyesha cheche inaruka wakati gani, kwenye waya wa plagi namba moja, akaielekeza kwenye puli, gurudumu la mkanda wa injini, akatazama kwa muda. Kisha akaniita nione mwenyewe.

"Dada, nani aliipanga hii? Iko digrii 16. Kitabu kinataka 7 na nusu. Utaiua hii injini."

Siku ile sikumruhusu aiguse.

Mmoja ametengeneza injini hizi tangu kabla sijazaliwa. Mwingine ana kipimo mkononi. Haiwezekani wote wawili wakawa sahihi, nilijiambia, na jambo hilo likanikaa kichwani wiki nyingi. Nilikuwa nafundisha darasani huku nusu ya akili yangu iko kwenye puli.

Namba inayotembea

Wenye magari haya hawahitaji kuelezwa kwamba pointi ni swichi ndogo ndani ya distributa ambayo ikifunguka cheche inaruka, wala kwamba rota huipeleka cheche hiyo kwa kila plagi. Ila kuna hesabu moja ambayo miaka yote nilikuwa naipita juu juu.

Petroli haiwaki yote mara moja. Cheche ikiruka, moto unahitaji muda kusambaa ndani ya silinda, na msukumo wake mkubwa unatakiwa uikute pistoni imeshaanza kushuka kidogo. Ndiyo maana cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu, na kutangulia huko hupimwa kwa digrii za mzunguko wa kranki, shafti inayozungushwa na pistoni. Sasa injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, mizunguko kama 850 kwa dakika, kranki huzunguka takriban digrii 5 katika elfu moja ya sekunde. Ikifika mizunguko 3,000, huzunguka digrii 18 katika muda ule ule. Moto wenyewe hauongezi mwendo kiasi hicho. Basi kadiri injini inavyokimbia, cheche nayo lazima iwahi zaidi.

Kwa hiyo taimingi si namba moja. Huanzia chini kwenye sailensa, ikapanda mpaka kikomo chake, na injini inaishi maisha yake mengi huko juu, si kwenye sailensa. Gari likiwa barabarani Mikumi kwa mwendo wa kilomita 80, ile digrii 7 na nusu ya kitabu haipo kabisa. Kinachofanya kazi pale ni kikomo, au namba iliyo karibu nacho.

Fundi wa Dar alipima mwanzo.

Mzee wa Iringa alinituma mlimani, akasubiri jibu.

Nilipoliona hilo, swali langu lilibadilika. Halikuwa tena nani kati yao amekosea. Likawa: kwa nini mwanzo wa gari langu uko juu hivyo, na kikomo chake kiko wapi?

Kitabu kiliandikwa kwa distributa nyingine

Hapa nilikwenda kwenye makaratasi ya baba. Gari ni la injini ya 1300, la mwishoni mwa miaka ya 1960. Distributa iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa inawahisha moto kwa vakyumu, yaani kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye kabureta kupitia kibomba chembamba. Digrii 7 na nusu kabla ya pistoni kufika juu ni namba ya distributa hiyo.

Distributa hiyo haipo tena. Iliyopo sasa ni ile ya Bosch ambayo namba yake inaishia na 009, na wenye Volkswagen duniani kote wanaijua. Haina kibomba. Ndani yake mna vizito viwili vinavyoshikwa na springi. Shafti ikikimbia, vizito hufunguka na kuisogeza mbele kamu, ile nundu inayofungua pointi. Hapo hakuna vakyumu wala mahesabu ya mzigo. Distributa hii hupangwa kwa kikomo: digrii 28 mpaka 32 injini ikiwa imevuka mizunguko 3,000. Sailensa ikitua penye 6, 8 au 10, hayo ni matokeo tu.

Baba aliibadilisha lini, sijui. Lakini tangu siku aliyoifunga, namba ya kitabu ilikuwa inasomwa kwenye gari lisilo lake. Na wala si distributa peke yake. Kitabu kile kiliandikwa wakati petroli ina madini ya risasi, na risasi iliwekwa ili mafuta yasijiwashe ovyo kabla ya zamu yake. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka. Ni uamuzi mzuri kwa vichwa vya watoto wetu, wala sitamani irudi. Ninachosema ni kwamba namba ilibaki kwenye ukurasa, na vitu ilivyovitegemea vikaondoka kimoja kimoja.

Mlima nao una kauli

Iringa iko kwenye mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa pale ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar. Hewa ikiwa nyepesi, silinda inavuta kidogo, inabana kidogo, na mchanganyiko uliobanwa kidogo huwaka polepole. Injini ya Iringa inaweza kuvumilia moto unaowahi, na mara nyingi inaufurahia. Sikio la mzee lilijengwa kwenye hewa hiyo. Magari yote aliyoyapanga maisha yake yote yalikuwa yanavuta hewa ya nyanda za juu.

Shuka sasa Kitonga, pita Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, Chalinze. Karibu kilomita 500 baadaye injini ile ile inavuta hewa nzito na ya moto, silinda zinajaa, na moto uliokuwa unawahi kwa raha sasa unawahi kwa hatari. Ukikanyaga mafuta mengi ukiwa na gia kubwa na mwendo mdogo, mchanganyiko unalipuka ndani badala ya kuwaka kwa mpango. Ndiyo ile sauti ya kokoto zinazotikiswa kwenye kopo ambayo kila dereva wa gari la zamani anaijua.

Kila dereva, isipokuwa wa Volkswagen.

Nyuma huko husikii

Hili ndilo lililoniondoa usingizi kwa kweli.

Injini yetu iko nyuma, imefunikwa, na juu yake linavuma feni la kupoza ambalo halinyamazi. Kugonga, yaani ile sauti ya kokoto, kunaweza kukaa pale safari nzima na wewe mbele hujui. Gari linalopozwa kwa maji litakuonya kwa mshale wa joto. Letu halina maji wala mshale. Onyo lake la kwanza huwa ni nguvu kupungua, la pili huwa ni gharama.

Na silinda zake haziungui sawa. Kwenye injini za miaka ile kipoza oili kimesimama ndani ya kasha la feni, kikiziba sehemu ya upepo unaokwenda silinda namba tatu. Wenyewe kiwandani walilijua hilo. Kuanzia modeli za 1971 walikihamisha kikapata njia yake. Kabla ya hapo, baadhi ya distributa zilitengenezwa zikichelewesha kidogo cheche ya silinda hiyo moja ili isiungue. Distributa ya 009 niliyonayo haijui habari hiyo. Inazipa silinda zote nne cheche sawa, na namba tatu inabeba joto lake yenyewe.

Ndiyo sababu kila baada ya kilomita 5,000 ninapomwaga oili, lita mbili na nusu tu, nafungua na vifuniko vya tapeti, zile zinazosukuma valvu. Injini ikiwa baridi kabisa napitisha fila geji, kibapa cha kupimia nafasi, ya milimita 0.15. Tapeti ikiwa imelegea, sina hofu, italia, nitaikaza. Ninayoiogopa ni iliyobana. Valvu ya moshi ikianza kurefuka kwa joto, nafasi inapotea, valvu haifungi sawasawa, na valvu isiyofunga haiwezi kulipeleka joto lake kwenye silinda hedi. Kuanzia hapo inaungua. Nikikuta namba tatu imebana mara mbili mfululizo, sitailegeza tena na kuondoka. Nitashusha injini.

Baada ya kauli ya fundi wa Dar nilizifungua zote. Namba tatu ilikuwa imebana kidogo. Kidogo tu, lakini zile nyingine hazikuwa zimebana.

Vizito

Nilirudi kwa yule kijana. Nikamwomba kitu kimoja: asipime sailensa tena, apime kikomo.

Puli ya gari hili haina alama ya digrii 30, kwa hiyo tuliichora. Ni hesabu rahisi na sijui kwa nini haifundishwi kila gereji. Chukua futi ya fundi cherehani, ile laini, pima mzingo mzima wa puli, gawanya kwa 12. Jibu ndilo urefu wa digrii 30. Anzia kwenye alama ya pistoni namba moja ikiwa juu kabisa, pima kuelekea kulia, weka rangi nyeupe. Unaelekea kulia kwa sababu puli huzunguka kufuata saa ukiitazama kutoka nyuma, na alama ya kutangulia lazima ifike kwanza kwenye ule mshono wa injini.

Akawasha. Mimi nikakaa kwenye usukani nikakanyaga taratibu mpaka aliponyoosha mkono.

Sailensa digrii 16. Kwenye mizunguko 3,500, digrii 26.

Tukatazamana.

Distributa iliyotakiwa kuongeza digrii 20 na zaidi ilikuwa inaongeza 10. Akaizima injini, akatoa kifuniko, akashika rota akaizungusha kwa kidole. Rota ya distributa isiyo na hitilafu huzunguka kidogo, na ukiiachia springi huirudisha. Yetu ilikwenda nusu njia ikakwama pale pale. Grisi ya ndani ilikuwa imekauka ikawa gundi, na vizito vilikuwa vimefungwa humo, havifunguki vyote.

Ikaeleweka kila kitu, na nilisimama pale nikiwa na furaha ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyependa magari. Mzee hakuwa amekosea. Sikio lake liliikuta injini isiyowahi vya kutosha mwendoni, na kwa kuwa chombo cha kuiwahisha kilikuwa mgonjwa, aliisukuma distributa nzima mbele mpaka gari likapanda mlima. Digrii 16 kwenye sailensa ilikuwa bei ya kupata 26 barabarani. Alitibu dalili bila kufungua mwili, na kwa hewa ya Iringa tiba ilifaa. Fundi kijana naye hakukosea: 16 kwenye sailensa ni nyingi mno kwa injini hii. Lakini kama ningemwacha siku ile airudishe kwenye 7 na nusu, ningetoka Dar nikiwa na 17 au 18 barabarani. Moto uliochelewa hivyo unamalizikia kwenye valvu ya moshi. Ningeikaanga namba tatu kwa kufuata kitabu.

Tukaifungua distributa mezani. Petroli, mswaki wa zamani, kitambaa. Kwenye ekseli za vizito oili nyepesi, tone moja moja. Kwenye kamu grisi kidogo mno, kwa sababu ikizidi hurukia pointi. Pointi mpya, pengo milimita 0.4. Na pengo huwekwa kabla ya taimingi, siyo baada. Kila ukilisogeza pengo umesogeza na wakati wa cheche. Hata kile kipande cha fiba kinachosugua kamu kikilika, pengo hupungua na moto huchelewa polepole bila mtu yeyote kugusa chochote. Gari la pointi halikai kwenye taimingi yake. Linaondoka kidogo kidogo, na mwenyewe anazoea.

Tukairudisha pale pale ilipokuwa, kwenye alama ya kalamu tuliyoiweka kabla ya kuitoa, ili tuone.

Sailensa 15. Mizunguko 3,500: digrii 37.

Nimelifikiria hilo kuliko jambo lingine lolote katika habari hii. Kama fundi mwingine yeyote, mahali popote, angeisafisha ile distributa kwa nia njema na kuirudisha bila kupima, ningepanda Kitonga na digrii 37, feni linavuma, mimi mbele nasikiliza taarifa ya habari. Ukiponya kiungo kimoja cha gari la zamani, vile vyote vilivyokuwa vimejipanga kufidia ugonjwa wake vinageuka kuwa ugonjwa mpya. Ndivyo injini nyingi nzima zinavyokufa muda mfupi baada ya savisi kubwa, na watu husema fundi ameiharibu, au gari limechoka.

Kuhusu kuweka ya elektroniki

Naulizwa sana kwa nini nisitupe pointi nikaweka kile kifaa cha elektroniki kinachoingia ndani ya distributa. Ni kizuri. Hakiliki, hakihitaji fila geji, na kwa mtu anayeendesha kila siku mjini ningekishauri. Ila kinachukua nafasi ya swichi tu. Vizito na springi vinabaki vile vile. Ningekiweka juu ya vile vizito vilivyoganda, ningekuwa na cheche safi kabisa inayoruka wakati usiofaa, na ningeamini kwa moyo wote kwamba suala la taimingi limekwisha.

Nimebaki na pointi pia kwa sababu nyingine. Zikinizimikia Ruaha Mbuyuni, naweza kuzipanga na balbu moja yenye nyaya mbili: waya mmoja kwenye mguu wa koili unaokwenda distributa, mwingine kwenye bodi ya gari, swichi ikiwa imewashwa. Alama ya kiwandani ya puli, si ile nyeupe ya 30, kwenye mshono, rota inatazama silinda namba moja, unazungusha distributa kufuata saa kisha unairudisha taratibu kinyume. Balbu ikiwaka, pointi zimefunguka, cheche imeruka. Itakufikisha nyumbani. Ukifika, tafuta taa ya taimingi.

Digrii 28

Tulipanga 28 kwa kikomo. Sailensa ilitua penye 6, karibu kabisa na namba ile ya kitabu.

Niliporudi Iringa nilikwenda kumwamkia mzee na kumweleza yote, vizito, gundi, 37. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba aone ile alama nyeupe kwenye puli, akaigusa kwa kidole, akauliza hesabu ya 12 nikamrudia. Kisha akaniambia 28 ni kidogo kwa huku. Anataka 31 au 32. "Hewa ya huku inaomba," alisema. Na akiishika distributa mwenyewe, nina hakika sikio lake litasimama penye 31.

Ana haki yake, kwa Iringa. Tofauti naisikia nikipanda kutoka Ipogolo kwenda mjini: gari ni zito kidogo kuliko lilivyokuwa mikononi mwake. Lakini gari hili lina ndugu pwani, na kila likizo linashuka. Siwezi kusikia kugonga kutoka kwenye kiti changu, kwa hiyo nimechagua namba ambayo haitagonga Mbagala saa nane mchana na abiria watatu. Kitonga naipanda kwa gia ya chini, mizunguko juu, ili feni lipulize. Kuna watu wanaoamini gia kubwa inaipumzisha injini, na kwa gari linalopozwa na feni lililofungwa kwenye mkanda wa injini yenyewe, hiyo ni kuinyima hewa wakati inaihitaji zaidi. Gari hili si dhaifu kwa milima. Mwaka 1962 Volkswagen ya umbo hili hili ilishinda East African Safari, iliyokuwa ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Namba tatu nimeipima tena tangu wakati huo. Nafasi imesimama kwenye 0.15.

Nimebandika karatasi ndani ya kifuniko cha injini: pengo la pointi, kikomo, sailensa, tarehe, na maneno "009, usifuate kitabu". Atakayeifungua gereji nyingine, hata kama mimi sipo, ajue anaanzia wapi.

Kilichobaki sasa ni kabureta. Jeti kuu iliyomo, kile kitundu kinachopitisha petroli, ni ya hewa ya pwani, na plagi zikikaa Iringa mwezi mzima zinatoka nyeusi, dalili kwamba petroli inazidi. Mzee anayo jeti ndogo zaidi kwenye kopo lake la spea. Tukiibadilisha itabidi taa irudi kwenye puli, kwa sababu mchanganyiko mwembamba huwaka polepole kuliko mzito, na huenda 28 isiwe 28 tena.